Kunyambua Bila Kubomoa: Funzo la Lugha za Tarakilishi kwa Wanaounda Istilahi

Mwanafunzi wa ushairi anayetaka kuchunguza arudhi katika diwani nzima hulazimika kuhesabu mizani kwa vidole, mshororo baada ya mshororo, ubeti baada ya ubeti. Kazi hiyo huchosha, na aliyechoka hukosea. Si ajabu basi mwanafunzi huyo akaigeukia tarakilishi na kujifunza kuandika programu ili mashine imfanyie hesabu hiyo. Pindi anapoanza, hukumbana na swali ambalo kwa juu juu ni la mafundi lakini kwa undani ni la lugha: je, mtu ana ruhusa ya kukiongezea kitu uwezo mpya ilhali si yeye aliyekiunda? Na akikiongezea, nani mwingine ataathirika?

Makala haya yanashikilia kwamba ruhusa hiyo inafaa kuwepo, mradi masharti matatu yatimizwe. Kwanza, nyongeza ionekane tu mahali ilipoalikwa. Pili, nyongeza isimpiku mwenye kitu. Tatu, nyongeza isivunje kuta za kitu chenyewe ili kuingia ndani. Wanaounda lugha za programu waliyafikia masharti hayo baada ya miaka mingi ya hasara. Kiswahili, kwa upande wake, kimeyatii kwa karne kadhaa katika unyambuaji wake bila kuandikiwa na mtu. Linalosikitisha ni kwamba katika uundaji wa istilahi masharti hayohayo hupuuzwa mara kwa mara, na anayelipa gharama ni mwanafunzi.

Aina na Mbinu Zake

Ni vyema maneno yanayotumika hapa yafafanuliwe mapema. Katika makala haya, neno aina halitumiki kwa maana ya kisarufi ya aina za maneno kama vile nomino na kitenzi. Linatumika kwa maana ya kundi la data linalotambuliwa na lugha ya programu, kwa mfano nambari, tarehe au matini. Neno mbinu nalo linatumika kwa maana ya kazi ambayo kitu cha aina fulani kinaweza kuamriwa kuifanya. Matini, kwa mfano, huweza kuulizwa ina herufi ngapi, huweza kuamriwa igeuze herufi zake zote ziwe kubwa, au ijikate vipande kila penye nafasi. Mbinu hizo huwekwa na walioiunda aina yenyewe, na kwa aina za msingi hao ndio walioiunda lugha ya programu.

Aina ya matini haina mbinu ya kuhesabu mizani. Walioiunda hawakuwa na haja ya kuijua tarbia wala takhmisa, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Mwanafunzi wa ushairi ana njia kadhaa za kujitoa katika dhiki hiyo. Anaweza kuwaomba wenye lugha wamwongezee mbinu anayoitaka. Watakataa, na watakuwa na haki, kwani wakimkubalia yeye itawabidi wamkubalie daktari, mhasibu na mpimaji ardhi, hadi aina ya matini ilemewe na mbinu elfu ambazo kila mtumiaji anazihitaji chache tu. Anaweza pia kujaribu kuunda aina mpya inayoirithi matini, lakini katika lugha kama Java na C# mlango huo umefungwa: aina ya matini hairithiwi. Hata katika lugha zinazoruhusu urithi huo, matini atakayoipokea kutoka kwingine itakuwa ile ya kawaida isiyo na mbinu yake.

Njia ya tatu ni kuandika utaratibu wa kando, usiomilikiwa na aina yoyote, unaopokea mshororo na kurudisha idadi ya mizani. Njia hii hufanya kazi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotegemewa. Kasoro yake iko katika usomaji. Mtu akitaka kuondoa alama za uakifishi, kisha kugawa silabi, kisha kuzihesabu, itambidi aandike kitu mfano wa hesabu ya mgawanyo wa usafishaji wa mshororo. Kinachozungumziwa huzikwa mwishoni, na tendo la mwisho hutangulia la kwanza. Lau mbinu hizo zingekuwa za matini yenyewe, maandishi yangesomeka kwa mpangilio wa matendo: mshororo usafishwe, ugawanywe, uhesabiwe. Hapo ndipo ilipozaliwa njia ya nne, nayo ni kuiongezea aina iliyopo mbinu mpya kutoka nje.

Zizi Lisilo na Bawabu

Lugha ya Smalltalk, iliyobuniwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, katika miaka ya 1970, ni miongoni mwa lugha za mwanzo zilizoonyesha ukarimu huu. Ndani yake, mwanaprogramu yeyote aliweza kuifungua aina yoyote, hata ile ya nambari, na kuiongezea mbinu. Lugha ya Objective-C, iliyozaliwa katika miaka ya 1980, nayo ilikuja kuruhusu mafungu ya mbinu kuongezwa juu ya aina za watu wengine. Ruby, iliyotolewa na Yukihiro Matsumoto wa Japani mwaka wa 1995, iliziacha aina zake zote wazi. Mfumo wa Ruby on Rails, uliotolewa mwaka wa 2004, ulidhihirisha utamu wa uwazi huo: nambari 2 iliweza kuulizwa siku mbili zilizopita ni lini, nayo ikajibu kwa tarehe.

Utamu huo haukanushiki. Hata hivyo, nyongeza ya namna hiyo ina sifa moja ya hatari, nayo ni kwamba huenea kotekote. Anayeiongezea matini mbinu katika kona moja ya programu huwa ameziongezea matini zote katika kila kona, zikiwemo sehemu zilizoandikwa na watu asiowajua wala wasiomjua.

Mfano wa mizani utalibainisha hilo. Neno mbuni, kwa maana ya yule ndege mkubwa asiyeruka, lina silabi mbili: mbu-ni. Kwa maana ya mti wa buni au mtu abuniye, lina silabi tatu: m-bu-ni, kwa kuwa m ya ngeli hujisimamia kama silabi. Maandishi hayaonyeshi tofauti yoyote. Chukulia kwamba mwanaprogramu mmoja ameiongezea matini mbinu iitwayo mizani, na katika neno hilo mbinu yake huhesabu silabi mbili. Mwingine, asiyemjua mwenzake, ameiongezea matini mbinu ya jina lilo hilo inayohesabu silabi tatu. Kila mmoja ana hoja yake. Mhakiki wa tatu akizitumia kazi zao zote mbili katika programu moja, ile iliyopakiwa mwisho ndiyo itakayotawala, wala hakuna atakayeonywa. Mshororo uliokuwa na mizani 16 asubuhi utakuwa na mizani 17 jioni, na mhakiki atamlaumu mshairi. Waswahili husema fahali wawili hawakai zizi moja. Katika lugha hizi, zizi halikuwa na hata bawabu wa kupiga mbiu kwamba fahali wa pili ameingia. Katika Objective-C hali ilikuwa mbaya zaidi: mbinu mbili za nyongeza zilipogongana kwa jina juu ya aina moja, haikubainishwa kamwe ni ipi itakayotumika. Wanaprogramu walishauriwa kutia vifupisho vyao mbele ya majina ili kuepuka balaa.

Kisa kinachofunza zaidi ni cha JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti iliyoundwa na Brendan Eich mwaka wa 1995. Katika muongo wa 2000, maktaba ya programu iitwayo MooTools iliiongezea aina ya orodha mbinu kadhaa. Mojawapo iliitwa flatten, na kazi yake ilikuwa kuzisawazisha orodha zilizomo ndani ya orodha nyingine ziwe orodha moja. Miaka ilipita, na maktaba hiyo ikapitwa na wakati, lakini kurasa zilizoitumia zilibaki. Mwaka wa 2018 kamati inayosimamia lugha yenyewe ilitaka kuweka mbinu rasmi ya kazi hiyohiyo kwa jina hilohilo. Majaribio yakaonyesha kwamba kurasa zinazotegemea matoleo ya kale ya MooTools zingeharibika. Wenye lugha hawakuwa na uwezo wa kuzifuata kurasa za watu ulimwenguni kote na kuzirekebisha. Baada ya mabishano mengi, kamati ilichagua jina jingine, flat, nalo likaingia katika kiwango rasmi cha mwaka wa 2019. Hata kabla ya hapo, mbinu ya kuuliza kama orodha ina kitu fulani ilikuwa imenyimwa jina contains na kupewa jina includes kwa sababu ya maktaba hiyohiyo.

Ikumbukwe kwamba waandishi wa MooTools hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakiziba pengo la kweli, na kazi yao iliwafaa wengi. Kosa lilikuwa la namna ya kuongeza. Walilitia jina lao juu ya kitu cha watu wote, kila mahali, bila mpaka, na zaidi ya miaka kumi baadaye mwenye nyumba akajikuta hana ruhusa ya kutumia jina alilolitaka katika nyumba yake mwenyewe.

Masharti Matatu

Mnamo Novemba 2007, kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la tatu la lugha ya C#, ambayo msanifu wake mkuu wakati huo alikuwa Anders Hejlsberg, mzaliwa wa Denmark. Wasanifu walitaka kila mkusanyo wa vitu uweze kuchujwa, kuteuliwa na kupangwa kwa mbinu za namna moja. Mikusanyo hiyo iliunganishwa na mkataba mmoja uliodai mbinu moja tu, ile ya kuvipitia vitu kimoja baada ya kingine. Kuongeza mbinu ndani ya mkataba kungemlazimu kila aliyewahi kuukubali arudi kuiandika kazi yake upya. Suluhisho lilikuwa mbinu za nyongeza. Mbinu huandikwa kando, nje ya aina, lakini hutiwa alama inayosema kwamba kitu cha kwanza inachokipokea ndicho chenye kuamriwa. Anayeitumia huiita kana kwamba ni ya aina yenyewe.

Masharti yaliyowekwa ndiyo yanayostahili kutazamwa. La kwanza ni mwaliko. Kila mbinu ya nyongeza hukaa katika fungu la majina, na asiyelitaja fungu hilo mwanzoni mwa maandishi yake haioni mbinu hiyo kabisa. Akiyaalika mafungu mawili yenye mbinu mbili za jina moja zinazolingana, kitafsiri, yaani programu inayoyageuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za mashine, hukataa kuendelea hadi aseme anataka ipi. Wale mbuni wawili hawawezi tena kupigana gizani. La pili ni heshima kwa mwenyeji: aina ikiwa na mbinu yake ya jina hilo inayofaa wito uliotolewa, hiyo ndiyo itakayotumika, na ya mgeni itakaa kando. La tatu ni stara: mbinu ya nyongeza haiyaoni mambo ya ndani ambayo aina imeyaficha. Hufanya kazi yake kwa yale tu ambayo aina imeyaweka hadharani.

Lugha nyingine zilifuata mkondo huo kwa njia zao. Ruby yenyewe, mama wa ukarimu, ilianzisha kwa majaribio katika toleo la 2.0 la mwaka wa 2013 utaratibu unaoiwekea nyongeza mpaka, ili ionekane tu katika faili iliyoialika. Rust, iliyofikia toleo la kwanza mwaka wa 2015, iliongeza ukali: anayetaka kuipa aina tabia fulani sharti aimiliki aina hiyo au aimiliki tabia hiyo, na asiyemiliki hata moja kati ya hizo mbili hana ruhusa. Kotlin, iliyofikia toleo la kwanza mwaka wa 2016 na ambayo hutumika sana katika programu za simu, hudai mwaliko na humtanguliza mwenyeji kama ifanyavyo C#. Nayo C#, katika toleo la 14 la mwaka wa 2025, imeruhusu hata sifa kuongezwa kwa namna hiyo, si mbinu pekee. Kwa hivyo, mipaka haikuudumaza ukarimu. Pale ambapo mwaliko umewekwa, nyongeza zimezidi kuruhusiwa, kwa kuwa hazitishi tena.

Haitakuwa haki kuificha gharama ya njia hii. Msomaji wa programu huona mshororo ukiamriwa kuhesabu mizani yake na asijue mara moja mbinu hiyo imetoka wapi. Tena, mwenyeji akija kuweka mbinu yake ya jina hilohilo baadaye, ile ya mgeni husukumwa kando kimyakimya programu inapotafsiriwa upya. Isitoshe, mbinu ya nyongeza huchaguliwa kwa kufuata jina la aina lililotangazwa, si kwa kufuata kitu kilivyo kweli wakati programu inapoendeshwa. Hata hivyo, gharama hizi humwangukia zaidi yule aliyealika, na kwake zinaweza kutafutwa na kupatikana. Gharama ya ukarimu usio na mpaka iliwaangukia hata wasiojua kwamba kuna kilichoongezwa.

Kiswahili Kilivyotangulia

Mwanaisimu wa Kiswahili akiyasoma masharti hayo atajiona yumo nyumbani. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, na Waarabu huliwekea wingi kwa kuyabadilisha mambo ya ndani ya neno: kitabu kimoja, lakini wingi wake ni kutub. Kiswahili hakikuingia ndani ya neno hilo. Kililitazama kwa nje, kikaona ki mwanzoni mwake, kikalipokea katika ngeli ya KI-VI, na kikapata vitabu. Wingi huo ni nyongeza ya Kiswahili juu ya neno la watu wengine. Hauonekani Maskati wala Kairo, na hakuna Mwarabu aliyelazimika kuubadili usemi wake kwa sababu ya vitabu vya Waswahili.

Kitenzi safiri kinatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Kiarabu hunyambua kwa kuizungushia mizizi ya konsonanti irabu na viambishi vya namna nyingi. Kiswahili kiliikubali safiri ikiwa nzima, kisha kikaitia viambishi vyake mwishoni: safiria, safirisha, safirishwa, safirishiana. Shina halikubomolewa. Kauli ya kutendesha iliyoleta safirisha ndiyo ileile iliyoleta pikisha na endesha. Iliandikwa mara moja na ikawafaa wenyeji na wageni sawia, kama zilivyoandikwa mara moja mbinu za kuchuja na kupanga zikaifaa mikusanyo yote. Mwaliko, katika hali hii, ni mtu kuwa anazungumza Kiswahili.

Ndani ya Kiswahili chenyewe, mipaka ya namna hii imejaa. Mizani ya sokoni ni chombo cha kupimia uzito, ilhali mizani ya mshairi ni idadi ya silabi. Kina cha baharini ni umbali wa kwenda chini, ilhali kina cha ushairi ni silabi za namna moja zinazorudiwa. Washairi hawakuwaendea wachuuzi kuwaambia waache kuiita mizani yao mizani, wala mvuvi anayekisifu kina cha maji hamsumbui mhakiki. Kila uga umeongeza maana yake juu ya neno la wote, na maana hiyo huamka pale tu uga wenyewe unapoalikwa. Maana ya kawaida hubaki mahali pake, ikiwa ndiyo mwenyeji.

Istilahi na Ukarimu Usio na Mpaka

Ikiwa hali ni hiyo, kwa nini istilahi za sayansi na teknolojia zina zogo kiasi hiki? Sababu moja kuu ni kwamba aghalabu huundwa kwa mtindo wa MooTools. Anayebuni istilahi huitoa kana kwamba imekwisha kuwa ya Waswahili wote, tangu Lamu hadi Lubumbashi, papo hapo. Hasemi imekusudiwa uga gani. Hachunguzi kama neno hilo lina mwenyewe. Anapotokea mwingine na istilahi yake, mjadala hugeuka vita vya nani afutwe.

Chombo chenyewe kinachozungumziwa katika makala haya kina majina yasiyopungua matatu: tarakilishi, kompyuta na ngamizi. Kuwepo kwa majina hayo si aibu. Aibu ni kumwona mwanafunzi aliyelelewa na kompyuta akihukumiwa kwamba hajui Kiswahili kwa kuwa hakuandika tarakilishi, au aliyelelewa na tarakilishi akichekwa kwa kuwa hakuandika kompyuta. Mwaka wa 2004, mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa tafsiri zake katika muongo huohuo. Kila upande ulihitaji mamia ya istilahi kwa ajili ya vioo vyake, na kila orodha ilikuwa na mpaka wa asili, yaani programu yenyewe. Mtumiaji aliyeifungua programu alikuwa amezialika istilahi zake. Huo ni mfano wa kuigwa, kwani orodha yenye mpaka unaojulikana inaweza kupimwa, kulinganishwa na nyingine na hata kusahihishwa bila ya kumvuruga asiyeitumia.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba lugha ya watu si lugha ya mashine, kwamba haina kitafsiri wa kukataa majina yanayogongana, na kwamba lengo la usanifishaji ni neno moja kwa dhana moja, kwa hivyo mipaka itazidisha mfarakano. Hoja hiyo ina uzito. Vitabu vya kiada haviwezi kuandikwa kwa majina matatu kwa kila dhana, na mabaraza ya lugha yana wajibu wa kuteua. Hata hivyo, kuteua ni tofauti na kufuta. Katika C# mwenyeji hutangulia, lakini hatembei akizibomoa nyongeza za wageni. Istilahi iliyoteuliwa na baraza inapaswa kuwa ya kwanza kufikiriwa mahali ambapo hapana mpaka uliotajwa, huku nyingine zikiruhusiwa kuishi katika mafungu yake. Usanifishaji wa namna hiyo huacha nafasi ya kurekebisha makosa, kwa maana neno lililoenezwa kotekote kwa pupa haliondoki kwa amri. Kamati ya JavaScript ilikuwa na mamlaka yote rasmi juu ya lugha yake, na bado ilishindwa na jina lililokwisha kukita mizizi.

Kuhusu ukosefu wa kitafsiri, ni kweli kwamba hakuna mashine inayomkataza mwandishi kulitumia neno ngeli kwa maana ya kundi la vitu vya programu katika sura ileile anayoitumia kwa ngeli za nomino. Lakini wapo wahariri, wapo wasimamizi wa tasnifu na wapo watahini. Hao ndio mabawabu, wakitaka. Yapo mambo matatu ambayo wangeweza kuyadai bila ya kungoja sera. Kila makala, tasnifu au kitabu chenye istilahi ngeni kizitaje mwanzoni, kiseme zinatumika kwa maana gani na zimetoka wapi. Neno ambalo tayari lina maana katika uga unaozungumziwa lisipewe maana ya pili ndani ya uga huo. Na kabla ya kubuni neno kwa kuyakatakata mengine na kuviunganisha vipande visivyotambulikana, mashina yaliyopo yanyambuliwe kwanza kwa viambishi ambavyo kila Mswahili anavifahamu, kwa kuwa neno la namna hiyo hujieleza lenyewe kwa asiyewahi kulisikia.

Hitimisho

Mwanafunzi aliyeanza na vidole vyake akihesabu mizani anaweza leo kuiongezea aina ya matini mbinu ya kumhesabia. Mbinu hiyo itakuwa yake, katika faili yake, na atakayeitaka ataialika akijua kwamba ameialika. Akija mwingine mwenye maoni tofauti kuhusu mbuni, wataweza kulinganisha kazi zao mezani badala ya moja kuimeza nyingine kimya. Hivyo ndivyo elimu inavyopaswa kubishana.

Kiswahili kina deni kubwa la istilahi katika uga huu. Mwanafunzi wa Kenya anayetaka kusoma uandishi wa programu kwa lugha anayoijua vyema bado analazimika kuupitia mlango wa Kiingereza, na deni hilo halitalipwa kwa watu wachache kungojana hadi wakubaliane juu ya kila neno. Litalipwa kwa wengi kuongeza, kila mmoja katika uga wake na mpaka wake, bila ya kumpiku mwenyeji wala kubomoa kilichopo. Yatakayofaa yataalikwa tena na tena hadi yawe ya wote. Yasiyofaa yatabaki katika faili zake, na hakuna atakayekuwa ameumia.